Masta silinda ya breki imechoka: ubadili mipira, ununue ya mtumba, mpya ya bei nafuu au ya kampuni?

Nilikuwa nashuka kutoka Lushoto na Carina Ti ya mwaka 1998. Pale Soni, nikiwa nimesimama kupisha lori la mbao, nikahisi pedali ya breki inashuka chini ya mguu wangu. Haikushuka ghafla. Ilikwenda taratibu, kama mtu anayeketi kwenye sofa kuukuu, hadi ikakaribia kugusa kapeti. Nikapiga pampu mara mbili, ikapanda. Nikaishikilia, ikaanza tena kuzama.

Fundi wa pale, mzee mwenye ovaroli lisilojulikana tena lilikuwa la rangi gani, hakufungua boneti kwanza. Aliniuliza, "Umeshuka na gia gani, mwanangu?" Nikamwambia namba mbili na namba tatu, breki nimegusa kwenye kona tu. Alikuwa na sababu ya kuuliza. Anayeshuka milima ile na gia kubwa huku mguu umelalia breki huchemsha oili ya breki, na oili iliyochemka hutoa mapovu, pedali ikawa laini. Hiyo ikipoa, pedali hurudi. Tulisubiri nusu saa. Yangu haikurudi.

"Basi ni masta," akasema, yaani masta silinda, pampu inayogeuza nguvu ya mguu kuwa presha ya oili ya breki. Hapo ndipo ubishi ulipoanza, maana kila aliyekuwa chini ya ule mti alikuwa na ushauri wake. Mmoja akasema badili mipira, mwingine agiza mtumba Dar, wa tatu nunua mpya uachane na presha. Wote walikuwa na hoja. Nimeandika haya kwa mtu aliye kwenye njia panda hiyo hiyo, mwenye gari lenye miaka 15, 20 au zaidi, na pochi ambayo haina majibu yote.

Kwanza hakikisha ni masta kweli

Washa injini, gari likiwa limesimama mahali tambarare. Kanyaga breki kwa nguvu ya kawaida, shikilia dakika nzima. Pedali ikizama polepole na huoni tone la oili popote, masta inapitisha kwa ndani. Mipira iliyo kwenye pistoni imechoka, oili inateleza pembeni na kurudi kwenye kikopo chake cha juu. Ndiyo maana wengi hudanganyika. Wanaangalia kikopo, wanakuta oili haijapungua, wanasema breki ni nzima.

Pedali ikiwa chini lakini ukipiga pampu inapanda na kukaa, angalia magurudumu ya nyuma. Kwenye gari lenye dramu, shuu zikiisha au zikiwa hazijarekebishwa, pedali huwa na safari ndefu. Ikiwa laini kama sponji, kuna upepo kwenye mfumo. Na oili ikiwa inapungua, ipo inakovuja: chungulia upande wa ndani wa kila gurudumu, kisha angalia rangi ya busta, lile kopo kubwa la duara linalosaidia mguu kukanyaga, hapo chini ya masta. Oili ya breki hubandua rangi. Ukikuta busta imebanduka na ina michirizi, mpira wa nyuma wa masta unavujisha.

Wako watu wamenunua masta mpya na tatizo likabaki palepale, kwa sababu hozi za breki zilikuwa zimezeeka na zinafutuka kila wakikanyaga. Dakika kumi za kukagua zingewaokoa.

Nitapima kwa vigezo gani

Bei ya kipuri ni kigezo kimoja tu, na mara nyingi ndicho kinachopotosha. Kila chaguo nitalipitisha kwenye maswali matano. Je, utajua hali ya ndani kabla hujalipa? Gharama yote ni kiasi gani, pamoja na ufundi, oili na uwezekano wa kurudia kazi? Gari litalala gereji muda gani? Itadumu kwa kiasi gani? Na inamfaa nani?

Bei za shilingi siziandiki, kwa kuwa zinapanda na kushuka na hutofautiana kati ya Tanga, Dar na Mwanza. Mpangilio wake ndio haubadiliki sana: kiti ya mipira, yaani pakiti ya mipira mipya ya kubadilishia, ndiyo rahisi kuliko zote, halafu mtumba na mpya ya bei nafuu zinazokaribiana, mara hii juu mara ile chini, na ya kampuni inazipita zote kwa mbali.

1. Kubadili mipira ndani ya masta yako mwenyewe

Mafundi huiita "kiti", na si cha kukalia. Ni pakiti ndogo yenye mipira, wakati mwingine na pistoni na springi zake.

*Utajua hali ya ndani?* Hapa ndipo chaguo hili linapowashinda wenzake. Lazima masta ifunguliwe, kwa hiyo utaona kila kitu. Mzee wa Soni alitoa pistoni kwa kugongagonga masta kwenye kipande cha mbao. Ilitoka oili ya rangi ya chai ya rangi, yenye chembe nyeusi. Akanionyesha mdomo wa mpira, umetafunika upande mmoja kama sabuni iliyong'atwa na panya. Halafu akafuta njia ya pistoni kwa kitambaa, akaniambia, "Ingiza kidole kidogo, pita polepole kwa kucha." Nikapitisha. Laini, laini, laini, kisha kucha ikakwama. Palikuwa na vishimo, vidogo kama vya ndui, kule mbele ambako pistoni haifiki kila siku.

Vishimo hivyo ndivyo vinavyoamua kesi. Oili ya breki hunyonya unyevu kutoka hewani, na isipobadilishwa kwa miaka, maji yanakula chuma hasa pale ambapo mpira haupiti kukisugua. Siku mtu anapotoa upepo kwa kukandamiza pedali hadi chini kabisa, midomo ya mpira inasukumwa hadi kwenye vishimo na kuchanika. Kama umewahi kumsikia mtu akilalamika, "Nilibadili pedi tu, tulipotoa upepo masta ikafa," mara nyingi ndicho kilichotokea. Kwenye gari kuukuu mwambie fundi aweke kipande cha mbao chini ya pedali wakati wa kutoa upepo, isifike mwisho.

*Gharama yote.* Ndogo kuliko zote, kiti ikishika. Isiposhika, utalipa ufundi mara mbili na oili mara mbili, na bado utanunua masta.

*Muda.* Saa chache. Kiti za magari ya Kijapani yaliyozoeleka hupatikana hata kwenye maduka ya spea ya wilayani, ambako masta nzima huwezi kuiona. Seiken ni jina ambalo mafundi wengi wanalijua kwa mipira ya aina hii. Linganisha namba ya saizi iliyo kwenye pakiti na ile iliyochongwa au kutupwa kwenye mwili wa masta.

*Kudumu.* Njia ikiwa laini kama kioo, miaka kadhaa. Ikiwa na vishimo, wiki au miezi. Halafu kuna dhambi mbili za kienyeji. Ya kwanza ni msasa. Masta nyingi za miaka ya 1990 na kuendelea ni za aluminiamu, na njia yake ina tabaka gumu la juu la kuikinga. Ukilisugua kwa msasa umeliondoa, na kutu ya aluminiamu itarudi haraka kuliko mwanzo. Masta za chuma za zamani huvumilia kusuguliwa kidogo, hizi hapana. Ya pili ni kuosha kwa petroli au kupaka grisi ya kawaida. Mipira ya breki hufura ikiguswa na mafuta ya aina hiyo, na mpira uliofura unaweza kuziba tundu la kurudishia oili, breki zikabaki zimeshika. Masta huoshwa kwa spiriti au kwa oili ya breki yenyewe.

*Inamfaa nani?* Mwenye masta ambayo ukucha haukwami, mwenye fundi msafi wa mikono, na aliye mbali na mji mkubwa.

2. Masta ya mtumba kutoka Japani

*Utajua hali ya ndani?* Kwa sehemu. Inauzwa imefungwa, na wauzaji wengi hawakubali uifungue. Lakini hakuna atakayekukataza kusukuma pistoni kwa bisibisi: inatakiwa irudi yenyewe kwa haraka bila kukwaruza. Ziba matundu ya kutolea oili kwa vidole, msaidizi asukume. Utahisi msukumo ukigonga vidole. Chungulia pia matundu yenyewe. Yakiwa yameachwa wazi na ndani kuna ukungu mweupe, rudisha rafuni.

La kuitetea mtumba ni hili. Japani magari hukaguliwa kisheria, jipya baada ya miaka 3 na baadaye kila miaka 2, na oili ya breki mara nyingi hubadilishwa wakati huo. Kwa hiyo masta iliyokaa kwenye gari la huko miaka 12 inaweza kuwa safi kuliko yako iliyokunywa oili ileile tangu bandarini. Tatizo huanza baada ya kung'olewa. Oili inamwagwa, mipira inakauka kwenye kontena na rafuni, na hujui imekaa huko miezi mingapi.

Nami nimeliwa hapa. Kabla ya Carina nilikuwa na gari lingine, nikanunua masta ya mtumba kwenye duka moja mjini. Ilifanya kazi vizuri kwa miezi miwili hivi, kisha pedali ikaanza mchezo uleule. Niliporudi, nikaonyeshwa karatasi ukutani: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Nilikuwa nimeisoma siku ya kwanza, nikadhani inahusu wengine.

*Gharama yote.* Ya katikati. Ila fundi mwenye busara atakwambia ununue na kiti pembeni, aifungue, akague njia, aweke mipira mipya kabla ya kuifunga. Ukihesabu hivyo, si rahisi kama ilivyoonekana, lakini unapata mwili wa asili ulio mzima pamoja na mipira mipya. Kwangu mimi mchanganyiko huu ni moja ya njia zenye akili zaidi kwa gari lililochakaa njia ya pistoni, na watu hawauzungumzii vya kutosha.

*Muda.* Dar, ukifika Kariakoo au Gerezani asubuhi, jioni unaendesha. Mkoani, subiri basi lilete.

*Kudumu.* Bahati nasibu kama hukuifungua. Nzuri kama uliifungua.

Jambo moja usilipuuze, yaani kufanana. Masta mbili za gari la jina moja zinaweza kutofautiana. Hesabu matundu ya mabomba. Angalia kama gari lako lina ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge ukikanyaga breki kwa nguvu) na kama hiyo unayonunua ilitoka kwenye lenye ABS. Soma saizi ya njia, mfano 13/16 au 7/8, ambazo ni sehemu za inchi. Ukiweka yenye njia kubwa zaidi, pedali itakuwa fupi na ngumu, utahitaji nguvu zaidi kusimama. Yenye njia ndogo, pedali itakuwa ndefu na laini, na utadhani bado ni mbovu. Beba ile ya zamani mkononi. Picha ya simu haitoshi.

*Inamfaa nani?* Aliye karibu na soko kubwa la spea, anayejua kukagua au mwenye fundi atakayeongozana naye, na ambaye masta yake imeshaliwa ndani.

3. Mpya ya bei nafuu

*Utajua hali ya ndani?* Utajua kwamba haijatumika. Ubora wa mpira na wa ukerezaji hutaujua kwa kuangalia boksi, kwa sababu boksi ndilo jambo rahisi kuigiza. Angalia mwili wenyewe: kingo za matundu zimekerezwa vizuri au zina vinyoya? Vizibo vya plastiki vipo vyote? Pistoni inarudi kwa nguvu?

*Gharama yote.* Ya kueleweka: kipuri, ufundi na oili, hakuna zaidi. Baadhi ya maduka hutoa muda wa kujaribu, jambo ambalo mtumba hauna. Omba liandikwe kwenye risiti.

*Muda.* Mfupi, kwa magari yaliyojaa barabarani.

*Kudumu.* Hapa maoni yamegawanyika, na pande zote zina ushahidi. Nimeona iliyofika mwaka wa tatu bila neno. Nimeona pia ambayo fimbo ya busta haikukaa sawasawa kwenye shimo la pistoni. Kwa kipuri cha kopi hilo ndilo la kuchunguza zaidi: kina cha shimo kikitofautiana kidogo na cha asili, ama pedali itakuwa na pengo kabla ya kushika, ama breki zitabaki zimeshika kidogo muda wote, magurudumu yakachemka. Fundi apime kina kwa kulinganisha na ya zamani kabla ya kufunga nati.

*Inamfaa nani?* Mwenye gari la mizunguko ya mjini, anayetaka kitu kisicho na historia, na ambaye bei ya kampuni ni ndoto.

4. Mpya ya kampuni

Kwa magari ya Toyota, hapa nazungumzia boksi la Toyota lenyewe au la watengenezaji wanaoiuzia, kama Aisin na ADVICS, kampuni iliyoundwa mwaka 2001 kwa ubia wa Aisin, Denso, Sumitomo Electric na Toyota.

*Utajua hali ya ndani?* Ndiyo, ilimradi si feki. Agiza kwa namba ya chesi, si kwa jina la gari.

*Gharama yote.* Kubwa mwanzoni. Kwa gari ambalo thamani yake imeshashuka, inauma. Lakini ufundi unaulipa mara moja.

*Muda.* Kwa modeli za zamani mara nyingi ni ya kuagiza, na gari haliwezi kutembea wakati huo. Kwa anayeishi na gari la kazi, siku kumi bila gari zina bei yake.

*Kudumu.* Ndefu kuliko zote, ukibadili oili inavyotakiwa.

*Inamfaa nani?* Anayebeba watu kila siku, anayeshuka milima, au anayepanga kukaa na gari miaka mingine mitano.

Ukichagua lolote kati ya haya

Usirudishie oili ya zamani. Chupa iwe mpya na imefungwa. Lita moja inatosha kusafisha mfumo wa gari dogo. DOT 3 (DOT ni daraja la oili ya breki, huandikwa kwenye chupa) ikiwa mpya huchemka kuanzia nyuzi 205 za Selsiasi, ikishanyonya maji asilimia 3.7 hushuka hadi 140. DOT 4 ni 230 na 155. Zote mbili zinachanganyika, na kwa anayepanda na kushuka Lushoto au Kitonga, ile tofauti ya nyuzi inahesabika. DOT 5, ya silikoni, iache kabisa, hata kama namba yake ni kubwa.

Masta iliyotoka kufunguliwa au mpya itolewe upepo kwenye vaisi (kifaa cha kubania vyuma mezani) kwanza, kabla ya kufungwa garini. Fundi anayeruka hatua hii atakesha akipiga pampu. Na maadam kazi imeanza, chungulia silinda ndogo za magurudumu ya nyuma: zimekunywa oili ileile iliyoua masta. Presha mpya ikija kwenye mipira ya zamani, huko ndiko itakakotokea.

Kwa hali yako

Umekwama njiani, mbali na mji: funguo zibaki kwa fundi, gari lisitembee. Masta nyingi zina mikondo miwili ya oili ili mmoja ukifa mwingine usimamishe gari, lakini hiyo ni ya kukufikisha pembeni mwa barabara, si ya kukushusha hadi Mombo. Kiti ikipatikana na kucha haikwami, badili mipira. Kucha ikikwama, agiza masta.

Unataka kuuza gari baada ya miezi michache: mpya ya bei nafuu pamoja na risiti ni rahisi kumweleza mnunuzi. Kumfungia mipira juu ya vishimo na kumkabidhi mtu mwingine, hapana.

Bodaboda zimekuchosha na hili ndilo gari la kupeleka watoto shule, mjini, mwendo mdogo: mtumba uliofunguliwa na kuwekewa mipira mipya, au mpya ya bei nafuu, chochote fundi wako anachokijua zaidi.

Unafanya teksi au unapandisha mizigo milimani: kampuni, hata ikibidi gari lisimame. Ukishindwa kabisa, mtumba wenye mipira mipya na DOT 4, na uangalie pedali kila asubuhi.

Unaishi pwani, Tanga, Mombasa au Unguja, ambako chumvi haichagui chuma: fikiria pia mabomba yanayopita chini ya gari. Yakishaoza kwa nje, fedha ya masta igawe, nusu iende huko.

Mimi siku ile nililala Soni. Masta ilikuja na basi la asubuhi, ya mtumba, pamoja na kiti, na mzee akaifungua mbele yangu. Alipomaliza hakunipa funguo mara moja. Alinikalisha kwenye usukani, injini inaunguruma, akasema nikanyage nisiachie mpaka aseme. Akasimama akiangalia saa yake ya mkononi dakika nzima. Pedali haikusogea.